Bomba Halizeeki Mahali Pamoja

Hotuba hii niliitoa mbele ya wenye nyumba waliokutana kuzungumzia ukarabati. Baadhi yenu mlikosa kufika, mkaomba niiandike yote. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha, maneno ni yaleyale.

Wazee wetu, mama zangu, kaka na dada zangu, hamjambo?

Asanteni kwa kunialika. Mimi si mtu wa jukwaani. Kazi yangu naifanya nimelala chali chini ya sinki, na wasikilizaji wangu wa kila siku ni mende. Kwa hiyo nikipotea njiani, nirudisheni.

Nimekuja na kitu. Hiki hapa, kipande cha bomba la chuma, kirefu kama kiganja changu. Kianzie kwako, mama, kizunguke mpaka safu ya nyuma. Kitazameni nje kwanza. Kimepauka kidogo, lakini kizima. Hakina tundu, hakina ufa. Sasa kiinueni kwenye mwanga mchungulie ndani. Mnaona? Vinundu vya kutu vimejipanga kama magego, juu rangi ya chungwa, na ukivikwaruza kwa kucha, chini vyeusi kama masizi. Siku bomba hili lilipowekwa, tundu lake lilikuwa na upana wa milimita 25. Leo penseli inapita kwa kubembelezwa.

Kipande hiki nilikikata katika nyumba ya mama yangu mzazi. Na fundi wa nyumba hiyo, miaka yote ile, alikuwa nani? Alikuwa mimi.

Ngoja niwasimulie, maana aibu hii ndiyo iliyonifundisha kazi. Mara ya kwanza bomba lilivuja jikoni. Nikakata pale palipooza, nikaunga kipande kipya, mama akasema asante mwanangu, nikaondoka kifua mbele. Baada ya miezi michache likavuja hatua mbili kutoka pale pale. Nikaziba. Mwaka uliofuata likavuja nyuma ya choo. Nikaziba. Mara ya nne niliweka spana kwenye soketi, kiungo kinachoshika mabomba mawili, nikakaza nusu mzunguko tu, nikasikia mlio ndani ya ukuta. Haukutoka pale nilipokuwa nakaza! Ulitoka kando kabisa, nyuma ya plasta, ambako uzi, ile mikato ya kukazia, wa elbo ya zamani, yaani kiungo cha kona, ulikuwa umekatika. Unyevu ukaanza kuchora ukuta kama ramani. Nikaifuata elbo, kuifungua ikavunjikia ndani ya bomba la pili yake. Nikalifuata hilo, nalo uzi ukabaki mkononi. Kufikia jioni nilikuwa nimesimama nje kwenye mita ya maji, spana mkononi, na nyuma yangu ukuta umechimbuliwa kama shamba lililopitiwa na fuko.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti ananitazama. Akauliza swali moja tu: "Hivi, mwanangu, bomba hili lote si liliwekwa siku moja?"

Siku moja! Chuma kimoja, maji yale yale, presha ile ile, miaka ile ile. Sasa kwa nini mimi nilikuwa naamini kwamba limezeeka mahali pamoja tu, pale panapovuja? Bomba halizeeki mahali pamoja. Panapovuja ni pale palipotangulia tu kusema.

Na kwa nini huanza kusema kwenye viungo? Bomba la chuma la zamani lilipakwa zinki ndani na nje. Zinki ndiyo inayoliwa kwanza, ndiyo inayojitoa ili chuma kisiguswe. Lakini fundi anapokata uzi kwenye ncha ya bomba, anaondoa zinki yote mahali hapo, na anapunguza unene wa chuma chenyewe. Kwa hiyo kila kiungo ni mahali ambapo bomba liliwekwa likiwa tayari jembamba na tayari uchi. Kwingine zinki ikiisha, kutu huingia taratibu. Kwa kawaida mabomba haya huhesabiwa miaka 40 hadi 50, na maji yakiwa makali, yaani yenye asidi au chumvi nyingi, hupungua hapo.

Ninyi mnaoishi na mabomba ya namna hii mnajua dalili, ila pengine hamjaziunganisha. Asubuhi ya kwanza koki inapofunguliwa, maji yanatoka na rangi ya chai kisha yanang'aa. Mtu akioga, mwingine akafungua jikoni, anayeoga anapiga kelele. Maji moto yanatoka kwa unyonge kuliko baridi, kwa sababu joto huharakisha kutu na ukoko wa chokaa. Na hesabu yake ni mbaya kuliko mnavyodhani. Upana wa tundu ukipungua nusu, njia ya maji haibaki nusu. Inabaki robo. Kisha hiyo robo yenyewe imejaa miiba inayoyasugua maji njia nzima.

Lakini sitaki mtoke hapa mkavunje kuta usiku huu. Nimewahi kuitwa na familia iliyokwisha kuhamisha vitanda, tayari kwa kubomoa, maji hayatoki vizuri. Nikauliza: hayatoki wapi? Bafuni. Jikoni je? Jikoni yanatoka. Nikafungua kile kichujio kidogo kwenye mdomo wa koki ya bafuni, nikakigonga kiganjani, mchanga ukamwagika. Kazi imekwisha. Koki moja ikiwa dhaifu, lawama ni ya koki hiyo. Nyumba nzima ikiwa dhaifu, ndipo tuzungumze habari za mabomba. Na kama mnashuku kuna mvujo usioonekana, fungeni koki zote, someni mita, msitumie maji kwa saa mbili, someni tena. Mita ikisogea na hakuna aliyekunywa, basi ukuta au ardhi inakunywa.

Ndugu zangu, kuna aina moja ya bomba ambayo siizungumzii kwa mzaha. Risasi.

Namaanisha ile metali laini. Katika nyumba za zamani sana, hasa kile kipande kinachotoka barabarani kuingia ndani, huenda mkaikuta. Mtaijuaje? Chukueni sumaku na sarafu. Sumaku ikishika, hicho ni chuma. Isiposhika, kwangueni kidogo kwa ukingo wa sarafu. Kikionekana chekundu, ni shaba. Kikikwanguka kwa urahisi kama nta ngumu na kung'aa kama fedha, acheni hapo hapo, naweni mikono, mwiteni mtu.

Warumi waliitumia risasi kwa mabomba, na waliiita plumbum. Mpaka leo jina la fundi bomba kwa Kiingereza limetokana na neno hilo. Na msifikiri hawakuonywa. Mjenzi wao Vitruvius, miaka 2,000 na zaidi iliyopita, aliandika kwamba maji ya mabomba ya udongo ni salama kuliko ya risasi, akatoa mfano wa wafua risasi walivyopauka. Miaka elfu mbili! Marekani ilipiga marufuku kuweka mabomba mapya ya risasi mwaka 1986. Mwaka 1986, wengine hapa mlikuwa tayari mna watoto.

Na yale yaliyokwisha kuwekwa? Yalibaki ardhini. Mwaka 2014 mji wa Flint, jimbo la Michigan, ulibadilisha chanzo cha maji na kuanza kutumia maji ya mto wao. Maji hayo yalikuwa yanakula mabomba, na dawa ya kuzuia ulaji huo haikutiwa. Miaka yote kabla ya hapo, ndani ya mabomba kulikuwa kumejengeka utando mgumu uliotenga maji na risasi. Utando ukabanduka, risasi ikaingia kwenye glasi za watu, kisha kwenye damu ya watoto wao. Bomba ni lile lile la jana. Kilichobadilika ni maji tu. Kwa hiyo mtu akiniambia "bomba letu la risasi halijawahi kutudhuru", mimi humuuliza: una hakika na maji ya mwaka kesho?

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Ubongo wa mtoto ndio unaoumia zaidi. Na sikilizeni hili, mama zangu, kwa sababu ni kosa la mtu mwenye nia njema: kuchemsha maji hakuondoi risasi. Maji yanapungua kwa mvuke, risasi inabaki sufuriani, na kilichobaki kina risasi zaidi kuliko mwanzo.

Tena hapa ndipo viraka vinapogeuka hatari. Ukikata bomba la risasi katikati ukabadilisha nusu, mtikisiko wa msumeno unaubandua ule utando katika nusu iliyobaki, na kwa muda risasi kwenye maji inaweza kuongezeka badala ya kupungua. Umelipa, umechimba, umejidhuru. Na hata ukiondoa risasi yote lakini baada yake kuna bomba la chuma lililojaa kutu, ile kutu imekuwa ikinyonya risasi miaka yote, nayo itaiachia kidogo kidogo. Bomba halizeeki mahali pamoja, wala halichafuki mahali pamoja.

Haya. Tuseme mmekwisha kuamua, mabomba yanatoka. Tuweke nini?

Swali hili watu huniuliza kama wanaouliza rangi ya pazia. Jibu langu ni fupi kuliko wanavyopenda: kila kitu kina masharti yake, na kizuri ni kile ambacho masharti yake mtayatimiza. Shaba inadumu, lakini maji yenye asidi huitoboa vitundu kama vya sindano. Plastiki ya PVC ya kawaida ni ya maji baridi. Ipitishieni maji moto mtaona inavyolegea. PEX, plastiki nyingine laini, inapinda kama kamba, viungo vyake ni vichache, lakini jua linaiua, kwa hiyo isiachwe nje hata wakati wa kusubiri fundi. Na upya peke yake si kinga. Marekani kuanzia mwaka 1978 hadi 1995 nyumba nyingi ziliwekewa bomba la plastiki la kijivu liitwalo polibutileni. Lilikuwa rahisi, jepesi, kila mtu akalisifu. Klorini ya kwenye maji ikawa inalikausha kutoka ndani, viungo vikapasuka bila kutoa dalili, na mambo yakaishia mahakamani.

Halafu kuna ndoa zisizofaa. Shaba na chuma vikiunganishwa uso kwa uso ndani ya maji, vinafanya kazi kama betri ndogo, na anayeliwa ni chuma. Nimewahi kufungua kiungo cha namna hiyo: upande wa shaba unang'aa, upande wa chuma unabomoka kama biskuti iliyolowa. Kama lazima vikutane, kuna kiungo maalumu chenye mpira au plastiki katikati kinachovitenganisha. Muulizeni fundi wenu anacho. Akicheka, mtafuteni mwingine.

Nataka kukaa kidogo kwenye PPR, lile bomba la plastiki linaloungwa kwa moto, kwa sababu ndilo naliweka mara nyingi na ndilo nimeliona likiharibiwa mara nyingi. Mashine inapashwa mpaka nyuzi joto 260. Bomba linaingizwa upande mmoja, kiungo upande wa pili, vyote vinalainika juu kwa pamoja, kisha unavitoa na kuvisukuma kimoja ndani ya kingine vinakuwa kitu kimoja. Kwa bomba la milimita 20, muda wa moto ni sekunde 5. Kwa la 25, sekunde 7. Unasukuma moja kwa moja, bila kuzungusha, unashika, unatulia.

Sekunde 5, ndugu zangu. Nilikuwa na kijana mwanafunzi, mwenye bidii, mpole, anayeogopa mvujo kuliko kitu chochote. Akawaza: kama sekunde 5 zinashika, 15 zitashika zaidi. Hakuniambia. Nyumba ikaisha, hakuna hata tone lililovuja. Lakini mwenye nyumba akanipigia: fundi, mabomba mapya, mbona maji ya bafu la juu ni machache kuliko zamani? Nikakata elbo moja kwa msumeno nikaichungulia. Plastiki iliyoyeyuka kupita kiasi ilikuwa imefura ndani ikajikunja kama mdomo wa samaki. Nikakata ya pili, vile vile. Nikakata ya tatu, tundu limebaki la kupitisha kidole cha mwisho cha mtoto. Tulirudia kila kiungo cha nyumba ile, kwa gharama yangu, na yule kijana alikaa karibu yangu siku zote akihesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne, tano, toa! Leo ni fundi bora kuliko mimi, na bado anahesabu kwa sauti.

Na plastiki inatanuka. PPR ya kawaida yenye urefu wa mita 10, ikipashwa nyuzi joto 50 zaidi, inarefuka takriban milimita 75. Hivyo ni vidole vinne vya mtu. Shaba ya urefu huo huo hairefuki hata sentimita moja. Sasa bomba la maji moto ambalo fundi amelibana kwa vibanio kila hatua, bila kuliachia mkunjo wa kupumulia, hizo milimita 75 zitakwenda wapi? Zitapinda bomba kama nyoka, au zitavuta kiungo mpaka kiachie.

Siku ya kazi yenyewe nitaipitia kwa haraka, isipokuwa mambo mawili.

Kwanza umeme. Ndiyo, umeme! Katika nyumba nyingi za zamani, waya wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme uliopotea, ulifungwa kwenye bomba la maji, kwa sababu lilikuwa chuma lililozama ardhini. Ukiling'oa ukaweka plastiki, umekata ethi ya nyumba nzima, na hakuna taa itakayozimika kukuambia. Utaambiwa siku hita itakapokuwa na hitilafu na mtu akashika koki kwa mkono uliolowa. Mimi niliwahi kukata bomba la namna hiyo nikashika ncha zote mbili, moja kila mkono. Nilijikuta nimekaa chini. Tangu siku hiyo, fundi wa umeme anaingia kabla yangu, anafunga ethi mpya, ndipo natoa msumeno. Na mkikuta bomba la maji moto la zamani limefungwa kitu cheupe kama bendeji ya plasta, msikikwangue. Huenda ni asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu.

Pili, upimaji. Msikubali, nasema msikubali, plasta au vigae kabla bomba halijapimwa kwa presha. Linajazwa maji, hewa inatolewa, pampu ya mkono inapandisha presha mpaka mara moja na nusu ya ile ya kawaida. Kama presha ya nyumba yenu ni baa 4, mnapandisha hadi 6. Kisha geji, yaani kipima presha, inatazamwa.

Mwenye nyumba mmoja aliniharakisha. Fundi wa vigae alikuwa amekwisha kukoroga saruji, amekaa juu ya ndoo anaimba. Sindano ya geji ikashuka kidogo. Mwenye nyumba akasema, nimesoma, plastiki hutanuka mwanzoni, ni kawaida. Na alikuwa amesema kweli! Plastiki hutanuka, sindano hushuka, unapampu tena, inatulia. Nikapampu tena. Ikashuka tena, kwa unywele. Akasema si umeona, inakaribia kutulia. Nikamwambia mimi silali, lakini bomba hili litalala hivi hivi mpaka asubuhi. Saruji ya watu ikagandia kwenye ndoo, nikatukanwa na watu wawili kwa wakati mmoja. Asubuhi, nyuma ya bafu, kiungo kimoja kilikuwa na jasho. Halikuwa tone, lilikuwa jasho tu, la kuonekana kwa tochi iliyomulikwa kutoka ubavuni. Kilipata moto nusu. Kingekaa nyuma ya vigae miezi, labda mwaka, kisha kikaachia usiku.

Kabla ukuta haujafungwa, pigeni picha kila upande, na futi ya kupimia ionekane ndani ya picha, kutoka kona hadi bomba. Siku mtakayotaka kutoboa msumari wa kutundika kitu mtanikumbuka. Koki kuu nayo ibadilishwe. Ile ya zamani yenye gurudumu ikikaa miaka bila kuguswa hukwama, na huigundui imekwama mpaka siku unapoihitaji kwa mbio. Maji yakirudi, toeni vichujio kwenye midomo ya koki zote, fungueni ya chini kabisa kwanza, yaache yakimbie mpaka yatoke bila mchanga wala mabaki ya plastiki, kisha pandeni juu, na maji moto mwisho. Vichujio virudishwe baada ya hapo.

Nyumba ya mama yangu tuliimaliza kwa siku sita. Siku ya saba alifungua koki ya jikoni, maji yakampiga kifuani, akaifunga, akaifungua tena polepole kama anayemshika paka mgeni. Kipande mlichonacho mikononi alikiomba yeye kibaki dirishani pake, nami nimekiazima tu kwa leo, kwa hiyo tafadhali kisipotelee safu za nyuma.

Mzee pale nyuma amenyoosha mkono tangu nilipotaja risasi. Karibu, mzee wangu, na simama kidogo tukusikie sote.